Barua ya wazi: dakika 90 za mwandishi na wasomaji wake

Kwa wakuu wa utamaduni, elimu na maktaba katika Kaunti ya Lamu, na kwa wasimamizi wa majengo ya umma mjini Amu, yaani mji wa Lamu.

Waheshimiwa, Assalaam alaykum.

Tunaowaandikia ni wauza vitabu, walimu wa fasihi, mafundi wa mitambo ya sauti na wasomaji wa kawaida wa Amu, Shela na Matondoni. Ombi letu ni moja. Mwandishi akialikwa kuja kuzungumza na wasomaji wake hapa kwetu, zitengwe dakika 90 ambazo ni zake yeye na wao, na mtu mwingine yeyote, awe na cheo gani, asizimege. Mengine yote tutakayoyaeleza, tangu bamvua, yale maji makubwa ya bahari, mpaka aina ya kalamu, ni njia za kuzilinda dakika hizo.

Mlango tuliobisha ndio wenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba na shughuli za utamaduni mikononi mwa kaunti, kwa hivyo hakuna wa kungojewa kutoka Nairobi.

Tuanze na jinsi dakika zinavyopotea. Kadi ya mwaliko husema saa tisa alasiri. Mgeni rasmi huingia saa kumi. Kisha husimama viongozi sita, kila mmoja akiahidi "dakika mbili tu", naye akachukua saba. Hizo ni dakika 42. Mwandishi hukabidhiwa maiki saa kumi na moja, akasoma kurasa tatu, akajibu maswali mawili, na hapo watu wameshaanza kuinuka kwenda kutawadha. Aliyekisoma kitabu mara mbili akaandika swali lake kwenye daftari hurudi nalo nyumbani. Hafla kama hizo hutajwa kuwa zimefana kwa sababu viti vilijaa.

Pendekezo letu: karibisho moja, la mtu mmoja, dakika 5. Viongozi wengine watambuliwe kwa majina na mwenye kuendesha hafla, wainue mkono walipoketi, basi. Mwandishi asome dakika 12, maana akizidisha robo saa wasikilizaji huanza kutazama simu, hata awe fundi wa kusoma. Mazungumzo kati yake na mwongozaji yawe dakika 35, na maswali ya watu dakika 30. Zinabaki 8, nazo ni za akiba kwa sababu jambo halikosi kutokea. Kiongozi ambaye lazima ahutubie apewe nafasi baada ya vitabu kusainiwa. Tunajua ni wachache watakaobaki kumsikiliza, na hilo nalo ni jibu.

Kusaini vitabu kusihesabiwe ndani ya hizo 90. Hapo ndipo wapangaji wengi hukosea hesabu. Kitabu kimoja, pamoja na salamu na picha ya simu, huchukua karibu dakika moja. Watu 40 kwenye foleni ni dakika 40. Jua la Lamu huchwa kati ya saa kumi na mbili na dakika tano hivi, mwezi wa Novemba, na saa kumi na mbili u nusu na kidogo, mwezi wa Februari. Hafla ikianza saa kumi kamili, watu wakishatoka Alasiri, itaisha saa kumi na moja u nusu, na foleni itamalizika kabla ya adhana ya Magharibi, ila Novemba itapitiliza kidogo. Ikichelewa nusu saa, kinachokufa ni foleni. Wa mwisho kwenye foleni mara nyingi ni akina mama na watoto.

Kuna wanaopenda hafla iwe baada ya Isha. Upepo umepoa, ni kweli, na uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, hupendeza usiku. Lakini mtu wa Shela atataka boti ya kurudi, wa Matondoni atataka punda au boda, na mwenye watoto wadogo hatakuja kabisa. Usiku uachiwe mashairi na kasida, ambazo hazina foleni ya kusainiwa.

Sasa bahari, maana huku kalenda ya ukutani haitoshi. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Jumamosi hii yakijaa saa nne asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamekupwa, na Jumamosi ya tatu yatarudi karibu na palepale. Anayechagua tarehe bila kutazama jedwali la maji huweza kuwafungia nje watu wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini asijue. Boti zao hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda maji yakipwa hapapitiki kwa boti yenye watu. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa karibu saa kumi au kumi na moja jioni, yakapwa saa nne za usiku hivi. Mtu wa Faza ataingia Amu vizuri mchana huo, lakini akikaa kwenye foleni hadi baada ya Magharibi ataukuta Mkanda unakauka na giza limetanda. Afadhali siku ambazo maji hujaa karibu saa moja asubuhi. Boti hutoka alfajiri, na kwa kuwa maji yatajaa tena karibu saa moja na nusu usiku, kuanzia saa kumi na moja jioni njia huwa imeshafunguka.

Kwa wanafunzi wa visiwani, hata hivyo, tunashauri kinyume chake: mwandishi ndiye apande boti, aende Faza au Siyu asubuhi ya siku ya pili. Mtu mmoja na mwenyeji wake kuvuka ni rahisi kuliko kuvusha watoto 60, majaketi ya kuokolea 60, ruhusa za wazazi 60 na walimu wasiolala kwa wasiwasi. Shuleni dakika 50 zinatosha, na zipewe watoto tupu, pasipo wageni wa heshima.

Miezi ya kuepukwa inajulikana: Ramadhani, siku za Maulidi mji unapofurika, na msimu wa mitihani ya taifa Oktoba na Novemba. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu alasiri, kwa hivyo hafla ya uwanjani wakati huo ni kupigana na upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wakati wake.

Mahali panapotajwa kila mara ni ngome, na ni sawa. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza hadi 1984, na leo ndani yake mna maktaba. Ni jengo la mji, kila mtu anajua lilipo. Ila ua wake una tabia moja ambayo fundi wa sauti asipoijua ataiharibu hafla: kuta ndefu za mawe pande zote huirudisha sauti. Neno la kwanza halijatua, la pili limeshafika. Wengi huona watu wa nyuma hawasikii, wakaongeza sauti, na kwa kufanya hivyo huongeza mwangwi. Dawa ni kupunguza. Badala ya spika mbili kubwa mbele, ziwekwe nne ndogo, mbili mbele na mbili katikati ya viti, kila moja ikisema kwa upole na watu walio karibu nayo. Zisimamishwe juu kidogo ya vichwa vya walioketi, mita 1.5 hadi 1.8, na zielekezwe kwa watu, zisielekezwe ukutani. Mikeka ikitandikwa mbele kwa watoto, sauti hutulia zaidi.

Jambo la pili ni besi. Mitambo inayokodishwa mjini ni ya harusi, na huletwa ikiwa imerekebishwa kwa ngoma na kinanda. Sauti ya mtu ikipitishwa humo hutoka mngurumo, hasa ya mwanamume mzito wa sauti, na maneno hayashikiki. Fundi apunguze besi kwenye kila maiki, aache sauti za kati, na kabla ya watu kuingia amsomeshe mtu mwingine ukurasa mzima huku yeye ameketi kiti cha safu ya mwisho. "Haloo, haloo, moja mbili" haimwambii kitu. Akumbuke pia kwamba ua mtupu una mwangwi kuliko ua wenye watu mia, kwa hivyo kinachosikika vibaya kidogo kwenye jaribio huenda kikawa kizuri hafla ikianza.

Maiki ziwe nne: ya mwandishi, ya mwongozaji na mbili za kuzungushwa kwa wasikilizaji. Mluzi ule unaokata masikio una sababu mbili kwa kawaida. Ama spika iko nyuma ya msemaji, hivyo maiki inajisikia yenyewe, ama msemaji ameikamata maiki kichwani kwa kiganja kama waimbaji wafanyavyo. Spika za mbele zisogezwe mita mbili mbele ya meza, na msemaji aonyeshwe kushika mpini na kuacha vidole vinne kati ya mdomo na maiki. Kila maiki ivishwe sponji kwa ajili ya upepo. Betri ziwe mpya siku hiyo hiyo, zisiwe zile zilizobaki harusini.

Stima ikikatika katikati ya sentensi, hafla hupoteza robo saa kabla jenereta haijawashwa. Afadhali jenereta iwepo tayari na mafuta yake, nje ya ukuta, mita 25 au zaidi, fundi msaidizi amekaa nayo. Waya ukivuka njia usilazwe chini, maana punda wanaobeba mawe na mikokoteni hawasubiri mwandishi amalize. Upitishwe juu, mita 3, ufungwe kwenye misumari iliyopo bila kutoboa kuta za kale.

Adhana ikiingia, maiki zizimwe kabisa, si kupunguzwa. Misikiti ya mji haianzi kwa sekunde moja, kwa hivyo mwongozaji angoje ya mwisho imalizike. Mgeni asiyezoea aelezwe mapema, asije akadhani amekatizwa.

Viti. Kila aliyeketi ahesabiwe nafasi ya mita mraba moja pamoja na njia za kupita, na sentimita 90 kutoka safu hadi safu. Mkiweka viti 120 mahali pa 90, watu wa katikati hawawezi kutoka, na maiki ya kuzungushwa haiwafikii. Wanaume na wanawake wakikaa mbalimbali kama ilivyo desturi yetu, wakae ubavu kwa ubavu, upande huu na upande huu, njia pana ikipita katikati. Kuwaweka wanawake nyuma ni kuwaweka mbali na mwandishi, mbali na spika na mbali na maiki, halafu watu wakastaajabu mbona hawaulizi. Anayezungusha maiki upande wao awe msichana. Mkono wa mvulana ukinyooshwa mbele ya mama wa makamo na maiki, mara nyingi maiki hurudi bila swali. Kwa wenye viti vya magurudumu, ngazi za kuingilia ngome ni kikwazo. Ubao wa mteremko upatikane mapema, au hafla ifanywe nje uwanjani.

Tukiwa kwenye maswali, kuna mbinu moja ndogo inayofanya kazi kuliko tangazo lolote: anayezungusha maiki asiiachie. Aishike mwenyewe mbele ya mwulizaji. Mtu akikabidhiwa maiki mkononi husimama, hujitambulisha kwa ukoo, huwashukuru waandaaji, kisha huhutubia. Ikishikwa na mwingine huuliza. Pamoja na hayo, karatasi ndogo na penseli ziwekwe kwenye viti ili asiyetaka kusema mbele ya watu aandike. Mwongozaji aanze na swali la mtoto na swali la karatasi, kisha mikono. Na mwongozaji awe amekisoma kitabu, chote. Hili linaonekana la wazi mno kuandikwa, lakini liandikwe. Asiyekisoma huuliza "ulianzaje kuandika?", nalo ni swali ambalo mwandishi amelijibu kila mahali.

Vitabu ndivyo vinavyosahauliwa hadi wiki ya mwisho. Msimtegemee mwandishi avibebe. Ndege ndogo zitokazo uwanja wa Wilson, Nairobi, huruhusu kilo 15 za mizigo, na kitabu cha jalada laini chenye kurasa 250 kina uzito wa kama gramu 300. Nakala 50 ni kilo 15 kamili, bila nguo. Muuza vitabu wa mjini aagize kwa mchapishaji kwa mali kauli, yaani alipe akishauza, wiki tatu kabla, vije kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti. Viandikwe idadi, bei na tarehe ya kurudisha vitakavyobaki, viwili vitatu vikiharibika ijulikane ni hasara ya nani. Boksi lifungwe ndani ya nailoni nzito, kwa sababu rasharasha za maji ya chumvi zikiingia pembeni, kurasa huvimba na kitabu hakiuziki. Kwa watu 120 tunaagiza nakala 40 za kitabu kinachozungumziwa na kama 10 za kila kile kilichotangulia. Tangu 2013 vitabu hutozwa VAT ya asilimia 16, hivyo kitabu cha shilingi 1,000 kinamfikia msomaji kwa 1,160. Kaunti haiwezi kuifuta kodi hiyo, ila inaweza kutomdai muuza vitabu ada ya meza. Meza yenyewe iwe njiani mwa kutokea. Iwepo namba ya till ya kulipia kwa simu, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na chenji ya noti za 50 na 100, maana mtandao wa simu hulemewa watu wote wanapolipa kwa dakika zile zile kumi.

Na kwenye meza ya kusaini, msaidizi mmoja atembee na foleni akiwaandikia watu majina kwenye vikaratasi vinavyochomekwa kwenye ukurasa wa kusainiwa. Athman na Othman, Swafiya na Safia, Mwanakhadija kwa neno moja au mawili: mwandishi wa kutoka bara akiuliza kila jina mara tatu, dakika moja inakuwa mbili. Kalamu iwe ya wino mzito wa kawaida. Zile za wino wa maji hazikauki upesi kwa unyevu wa pwani yetu, na jina hujichapa ukurasa wa pili.

Hayo yote hayana maana ikiwa waliokuja hawajasoma. Wiki sita kabla, nakala 15 zipelekwe kwenye maktaba ya ngome na shule za karibu, kila nakala ikiazimwa kwa wiki moja. Kwa hesabu hiyo wasomaji 90 watakuwa wamekipitia siku ya hafla ikifika. Kutoa nakala za fotokopi za kitabu kizima si njia. Mwombeni mchapishaji ruhusa ya sura moja, na kwa kawaida hukubali kwa kuwa ni tangazo lake.

Mwandishi mwenyewe apewe barua, si simu tu. Itaje tarehe, saa, lugha ya mazungumzo, nani analipia ndege na malazi, nani atampokea kwenye gati ya Manda, malipo yake ni kiasi gani na atalipwa lini. Alipwe kabla hajaondoka. Kikoi na kofia ya viua ni zawadi, wala si malipo. Na hili tunalisisitiza: mshairi wa Amu au Pate apewe dakika zile zile 90 na malipo yale yale ya mgeni wa mbali. Kuwa jirani si sababu ya kuitwa afungue kwa beti mbili kisha akae.

Barua hiyo hiyo iulize kuhusu kurekodi. Akikubali, waya utolewe kwenye mtambo wa sauti uingie moja kwa moja kwenye kinasa, kwa sababu simu iliyowekwa mezani hunasa vikombe na upepo. Nakala mbili zibaki maktabani, zenye tarehe na jina.

Tunachosubiri kutoka kwenu ni mambo matatu: jina la ofisa mmoja atakayeshika saa siku ya hafla na kuwa na uwezo wa kumkatiza yeyote, ruhusa ya kuingia ua wa ngome Jumamosi moja kabla ya kusi ili mafundi wetu wajaribu spika nne bila malipo, na tarehe tatu mnazozifikiria. Tukizipata, ndani ya siku saba tutawarudishia kila tarehe na saa zake za maji, za adhana na za boti.

Wenu katika kusoma,
Wauza vitabu, walimu, mafundi wa sauti na wasomaji, Lamu